Jinsi ya Kupima Sumu ya Bakteria Katika Damu kwa Aptama za DNA: Mwongozo kwa Maabara za Malindi na Lamu

Mwongozo huu unamhusu mteknolojia wa maabara wa Malindi au Lamu ambaye amekwisha kuzoea vipimo vya ELISA (vile vya kingamwili vinavyotoa rangi katika vishimo), mwenye sentrifuji, friza na kisomaji cha sahani ya vishimo 96, na ambaye sasa anataka kutumia aptama za DNA badala ya kingamwili kutafuta sumu ya bakteria katika plazima ya damu. Sumu nitakayoishughulikia ni moja tu, nayo ni endotoksini, yaani lipopolisakaridi iliyojengeka katika utando wa nje wa bakteria wa Gram hasi kama vile E. coli na Salmonella, ambayo humwagika katika damu bakteria hao wanapokufa na kuvunjika. Nimeichagua kwa sababu huuzwa ikiwa imesafishwa na kupimwa, na kwa sababu matatizo yake katika damu yakishaeleweka, matatizo ya sumu nyingine hayamshangazi mtu.

Jambo moja liwe wazi kabla hatujagusa pipeti. Kipimo hiki ni cha utafiti na mafunzo, si cha kuamulia matibabu ya mgonjwa. Mgonjwa mwenye homa kali anahitaji damu yake ioteshwe na daktari amtazame. Anayetaka kukusanya sampuli za watu kwa kazi hii awe na idhini ya kamati ya maadili ya utafiti, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi na utafiti), na utaratibu wa kuficha majina unaokubaliana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Aptama ni nini, na kwa nini chumvi ni kila kitu

Aptama ni uzi mfupi wa DNA wa upande mmoja, kwa kawaida wenye herufi kati ya 20 na 100, ambao hujikunja wenyewe ukapata umbo linaloshika kitu kimoja na kukiacha kingine. Hutafutwa kwa njia iitwayo SELEX, iliyotangazwa mwaka 1990 na makundi mawili yaliyofanya kazi mbalimbali: Craig Tuerk na Larry Gold upande mmoja, Andrew Ellington na Jack Szostak upande wa pili, na hao wawili wa mwisho ndio waliolitunga jina la aptama. Njia yenyewe inafanana na kupepeta mchele. Unaanza na nyuzi za DNA zenye mpangilio wa kubahatisha, idadi yake ikifika matrilioni mengi, unazikutanisha na sumu, unasuuza zile zisizoshika, unazizidisha zilizoshika kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kisha unapepeta tena, mara nane hadi kumi na tano, mpaka ungo ubaki na zile zinazong'ang'ania. Maabara ndogo haina haja ya kupepeta yenyewe. Mpangilio wa herufi za aptama za endotoksini umekwisha kuchapishwa katika majarida ya sayansi, na kampuni za kutengeneza DNA hukuletea uzi uliouagiza ukiwa unga mkavu ndani ya kichupa.

Kingamwili hufika ikiwa na umbo lake tayari. Aptama hufika ikiwa haina umbo lolote, na wewe ndiwe unayelifinyanga kwa joto na chumvi. Mfano mzuri ni aptama ya thrombini, kimeng'enya cha kugandisha damu, iliyochapishwa mwaka 1992: ina herufi 15 tu, na umbo lake la miraba iliyopandana hutulia vizuri pakiwepo potasiamu. Iondoe potasiamu, na aptama ileile, iliyotengenezwa kwa usafi uleule, hudhoofika. Kwa uzoefu wangu, kipimo cha aptama kikikataa kufanya kazi, mara nyingi kosa liko katika bafa, yaani maji ya chumvi yanayodumisha pH, au katika kichupa kilichochukuliwa damu. Kisomaji hakina hatia, ingawa ndicho kinacholaumiwa kwanza. Kwa hiyo unaposoma makala ulikotoa mpangilio wa herufi, usinakili herufi peke yake. Nakili pia bafa waliyotumia, joto walilotumia, na namna walivyoipoza aptama baada ya kuichemsha.

Vifaa na maji

Agiza nyuzi tatu. Wa kwanza ni aptama yenye bayotini kwenye ncha moja, utakaobandikwa kwenye sahani iliyopakwa streptavidini, protini inayoishika bayotini kwa nguvu. Wa pili ni aptama ileile, au nyingine ya endotoksini, iliyounganishwa moja kwa moja na kimeng'enya cha peroksidasi, ambao ndio utakaotoa rangi. Wa tatu ni uzi wa kudanganyia, wenye bayotini na herufi zilezile kwa idadi ileile lakini zimechanganywa mpangilio. Wengi huuacha huu wa tatu ili kupunguza gharama, nami nasema afadhali upunguze idadi ya sampuli. Usikubali ushauri wa kuweka bayotini kwenye nyuzi zote mbili za mwanzo na kuleta rangi kwa streptavidini yenye peroksidasi, kwa maana uzi wa pili utajishika kwenye sahani penye nafasi iliyobaki, na kila kishimo kitapata rangi, cha mgonjwa na cha maji matupu.

Inawezekana kutumia aptama moja kwa pande zote mbili kwa sababu molekuli za endotoksini hazikai peke yake majini. Hukusanyika vifungu vifungu, na kifungu kimoja kina sehemu nyingi za kushikwa.

Maji ndiyo mtego wa kwanza. Maji ya bomba ya Malindi hutoka Baricho kando ya mto Sabaki, na ya mji wa Lamu hutoka visima vya kwenye matuta ya mchanga ya Shela. Yote yana kalisiamu na magnesiamu ambazo hazimo katika hesabu ya bafa yako, na hata yakishachujwa na kutiwa katika mtungi wa maabara, bakteria huotea humo na kuacha endotoksini, yaani kitu kilekile unachokitafuta. Kuyachemsha hakusaidii. Otoklevu ya nyuzi 121 huua bakteria lakini haiiharibu endotoksini vya kutosha. Nunua maji yaliyothibitishwa kuwa hayana endotoksini, hata kama ni chupa chache tu, uyatumie kwa bafa zote. Vyombo vya kioo vioke katika tanuri kavu kwa nyuzi 250 kwa dakika 30 au zaidi. Ncha za pipeti na mirija ya plastiki inunuliwe ikiwa na cheti.

Bafa ya kushikia ninayoipendekeza kwa kuanzia ina Tris milimola 20, kloridi ya sodiamu milimola 140, kloridi ya potasiamu milimola 5 na kloridi ya magnesiamu milimola 1, kwa pH 7.4. Itengeneze pia kwa nguvu maradufu, kwani utaihitaji wakati wa kuchanganya plazima. Bafa ya kusuuzia ni hiyohiyo iliyoongezwa Tween 20 kwa kiasi cha asilimia 0.05. Usijaribu kuizuia bafa isioze kwa kuitia azidi ya sodiamu, kwa maana azidi huizima peroksidasi.

Hapo kuna jambo la pwani ambalo waandishi wa Ulaya hawalitaji. Tris hupoteza pH ya takriban 0.028 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Bafa iliyopimwa pH 7.4 katika chumba chenye nyuzi 25 itakuwa na pH ya karibu 7.2 chumba kikifika nyuzi 32, na chumba cha Malindi mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imetulia na umeme umekatika, hufika huko bila shida. Maneno "joto la chumba" katika maelekezo ya kigeni yana maana ya nyuzi 20 hadi 25. Tumia inkubeta inayoweza kupoza, au andaa beseni la maji lenye kipimajoto, na uipime pH katika joto lilelile utakalofanyia kazi.

Kuitayarisha aptama

Kichupa cha aptama kikitoka kwenye friza, kiache kifikie joto la chumba kikiwa kimefungwa. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ukikifungua kikiwa baridi, umande utaingia ndani. Kizungushe kwenye sentrifuji kwa dakika moja ili unga ushuke chini, kwa sababu ni mwepisi na hauonekani, na kifuniko kikifunguliwa kwa pupa hupeperuka. Ongeza bafa ya TE, ile ya kuhifadhia DNA, kwa hesabu rahisi: idadi ya nanomoli iliyoandikwa kwenye lebo, mara kumi, ndiyo mikrolita za kutia ili upate mikromola 100. Lebo ikisema nanomoli 25, tia mikrolita 250. Igawe katika vichupa vidogo vingi, uvihifadhi kwa nyuzi −20, ili usilazimike kuigandisha na kuiyeyusha aptama yote kila unapofanya kazi. Uzi wenye peroksidasi usiugandishe. Weka kwenye friji ya kawaida kama alivyoelekeza mtengenezaji.

Siku ya kipimo, punguza aptama ya bayotini kwa bafa ya kushikia hadi nanomola 100, ichemshe kwa nyuzi 95 kwa dakika tano ili mikunjo yote ifunguke, kisha ipoze. Wengine huitia kwenye barafu ghafla, wengine huiacha ipoe polepole kwa nusu saa. Fuata walivyofanya waliopata aptama hiyo, kwa kuwa njia hizo mbili zinaweza kuleta mikunjo tofauti. Uzi wa peroksidasi usiuchemshe kamwe, maana kimeng'enya kitakufa. Huo utauacha nusu saa ndani ya bafa ya kushikia, bila moto, ujikunje wenyewe.

Kuchukua na kuandaa damu

Hapa ndipo nilipopoteza wiki tatu. Nilitumia vichupa vya kifuniko cha zambarau, vyenye EDTA, dawa inayozuia damu isigande kwa kunyakua madini yake, kwa sababu ndivyo vilivyokuwapo, na plazima nikaichanganya nusu kwa nusu na bafa. Rangi haikutoka hata katika plazima niliyoitia endotoksini kwa mkono wangu mwenyewe. Niliibadilisha sahani, nikaagiza TMB mpya (dawa ambayo peroksidasi huigeuza rangi), nikamsumbua fundi wa kisomaji. Hatimaye nilikaa na kalamu. EDTA ya kichupa hicho ni karibu milimola 4.5 katika damu nzima, na katika plazima peke yake huzidi hapo kwa kuwa haiingii ndani ya chembe nyekundu. Nusu yake ilitosha kuinyakua milimola 1 ya magnesiamu na kubaki na njaa. Aptama yangu ilikuwa uzi ulionyooka, usio na umbo la kushika chochote.

Tumia basi kichupa cha sitrati chenye kifuniko cha buluu, ambacho hushika madini kwa ulegevu zaidi, na ukijaze mpaka alama yake, kwani uwiano ni sehemu moja ya sitrati kwa tisa za damu na kichupa kisichojaa kina sitrati iliyozidi. Heparini nisingeichagua: ni molekuli yenye chaji hasi nyingi kama DNA yenyewe, nayo hugombania nafasi na aptama. Seramu pia ina shida yake, kwa kuwa sehemu ya endotoksini inaweza kunaswa ndani ya donge la damu.

Safisha ngozi vizuri na uichukulie kila damu kama yenye virusi vya homa ya ini au vya UKIMWI. Zungusha kwa nguvu ya g 1,500 kwa dakika 15, ukichota plazima ya juu bila kuigusa tabaka nyeupe. Fanya hivyo ndani ya saa moja. Kwa aliyeko kisiwani Lamu na anayepeleka sampuli Malindi, maana yake ni kwamba damu izungushwe na plazima igandishwe kabla ya kuvuka kwenda Mokowe, wala isisafiri ikiwa damu nzima. Mtikisiko wa boti na wa barabara huvunja chembe nyekundu, na hemoglobini iliyomwagika ina tabia ya kuigiza peroksidasi na kuleta rangi ya uongo. Plazima yenye wekundu wa maji ya rosela, itupe na uandike kuwa umeitupa. Manahodha wamekwisha kuuzoea mkoba wetu wa barafu, na bado kila safari kuna mmoja atakayeuliza kama ndani mna aiskrimu.

Plazima ikiyeyuka, punguza sehemu moja kwa sehemu tisa za maji yasiyo na endotoksini, kisha ipashe moto kwa nyuzi 75 kwa dakika 15. Hatua hii imekopwa kutoka kwa kipimo cha zamani cha endotoksini, kile kinachotumia damu ya buluu ya kaa wa kwato za farasi wa Marekani, na ina faida mbili: huziachisha protini na mafuta ya damu ambayo huikumbatia endotoksini na kuificha, na hudhoofisha vimeng'enya vya damu vinavyokata DNA. Usipashe plazima ambayo haijapunguzwa, maana itaganda kama yai la kuchemsha. Ikipoa, changanya sehemu sawa na bafa ya nguvu maradufu. Sasa plazima yako imepunguzwa mara 20 na chumvi ziko sawasawa. Ikiwa makala ya aptama yako inataka kalisiamu, itie sasa, wala usiitie katika plazima ya sitrati ambayo haijapashwa, kwani utakuwa umeirudishia damu uwezo wa kuganda na vishimo vitajaa utando.

Kufanya kipimo chenyewe

Tia mikrolita 100 za aptama ya bayotini katika kila kishimo, na uzi wa kudanganyia katika vishimo vya kulinganishia. Iache sahani saa moja kwa nyuzi 25, suuza mara tatu, kisha ziba nafasi zilizobaki kwa bafa yenye albamini asilimia 1 pamoja na bayotini kidogo, kwa muda wa nusu saa. Albamini iwe ya aina isiyo na endotoksini, kwa sababu ile ya kawaida mara nyingi huwa nayo.

Wakati huo tengeneza viwango vya kulinganishia. Endotoksini hung'ang'ania kuta za mrija na hujikusanya madonge, kwa hiyo kabla ya kuipunguza itikise kwa vortexi kwa dakika 15 kamili, na kila hatua ya kupunguza itikise tena dakika moja. Anayeharakisha hapa atapata mstari uliopinda ovyo na hatajua kwa nini. Viwango vya nanogramu 0, 0.1, 1, 10 na 100 kwa mililita vinatosha kuanzia. Visitengenezwe katika bafa tupu, bali katika plazima iliyochanganywa ya watu wazima wenye afya, nayo ipitie hatua zote za kupunguzwa na kupashwa moto kama sampuli. Ukifanya hivyo, upunguzaji wa mara 20 umekwisha kuhesabiwa ndani ya mstari wako, na matokeo hayazidishwi tena kwa 20. Kosa hilo nimeliona katika ripoti zaidi ya moja.

Tia mikrolita 100 za kila sampuli na kila kiwango, vishimo vitatu vitatu, uache saa moja kwa nyuzi 25 sahani ikitikiswa polepole. Suuza mara tano. Tia uzi wa peroksidasi wa nanomola 50 kwa nusu saa, usuuze tena mara tano, ukiigonga sahani juu ya karatasi mpaka maji yaishe. Tia TMB mikrolita 100, mbali na mwanga, na baada ya dakika 10 izuie kwa mikrolita 100 za asidi ya salfuriki ya mola 1. Buluu itageuka manjano. Soma kwa nanomita 450 mara moja. Kisomaji kiwe kwenye UPS, yaani betri ya akiba, kwa maana rangi haimsubiri jenereta.

Kuyasoma matokeo

Kwanza tazama uzi wa kudanganyia. Ikiwa vishimo vyake vina rangi sawa na vya aptama, hujapima endotoksini, umepima mnato wa plazima, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Kisha tazama urejesho: chukua sampuli, itie nanogramu 10 kwa mililita kabla ya kuipunguza, uone kipimo kimeongezeka kwa kiasi gani. Kanuni za vitabu vya dawa huruhusu asilimia 50 hadi 200 katika vipimo vya endotoksini; kwangu mimi, chini ya 80 au juu ya 120 hurudi mezani.

Kiwango cha chini kinachoweza kutambulika hupatikana kwa kusoma angalau vishimo 10 vya plazima safi, kuchukua wastani na kuongeza mikengeuko sanifu mitatu. Tuseme wastani ni 0.082 na mkengeuko ni 0.009, kila kisomo kilicho chini ya 0.109 kiandikwe "haikutambulika". Maneno hayo ni tofauti na "haipo". Endotoksini katika damu ya wagonjwa wengi hupimwa kwa pikogramu, na kipimo cha sahani kinaweza kuikosa kabisa. Tena bakteria wa Gram chanya, kama Staphylococcus aureus, hawana lipopolisakaridi, na mtu anaweza kuwa mahututi kwa ajili yao huku kishimo chake kikiwa cheupe. Anayetaka kushuka chini zaidi ya hapo atahitaji elektrodi au PCR ya kuhesabu aptama zilizoshika, na ningemshauri ajifunze kwanza kwa aptama ya thrombini, ambayo ni rahisi kununua na tabia zake zinajulikana.

Baada ya kazi, plazima na maji ya kusuuzia ya mwanzo huuawa kwa klorini kwa nusu saa kabla ya kumwagwa. Sahani yenyewe, ambayo sasa ina asidi, isitiwe klorini hiyo kamwe, kwani asidi na klorini hutoa gesi yenye sumu. Iweke katika mfuko wa taka hatari ikiwa imefunikwa, na umweleze kwa maneno, si kwa lebo peke yake, anayekuja kuuchukua.